Nyumba ya Mfano

Dada yangu alianza kupaka chokaa asubuhi mbichi, wala hakuniuliza. Niliamka nikamkuta juu ya stuli, kanga kaifunga kibwebwe, anapitisha brashi kwenye lile doa jeusi lililotoka kona ya jiko likapanda ukuta mpaka kwenye mabati.

"Unafanya nini hapo?"

"Nakusitiri," akasema, bila kugeuka.

"Nani kakwambia niko uchi?"

"Leo wanakuja watu wa ofisi, na wewe unataka wakute masizi? Waseme huyu bwana tangu mkewe afe anaishi kama popo? Nipishe, chokaa itakudondokea."

Nilitaka kumshusha kwa mkono. Lile doa ndilo lililokuwa shahidi wangu. Zamani mke wangu alikuwa anapikia nyuma, kwenye vibanda vya jiko vilivyopangana safu nzima, kila nyumba na kibanda chake. Wakaja watu wa ramani, wakasema barabara inapanuliwa, vibanda vikavunjwa vyote kwa siku moja. Halafu, kama hiyo haitoshi, kituo cha mabasi wakakiweka pale pale vibanda vilipokuwa, chini ya madirisha yetu. Mabasi yanakaa yananguruma yakisubiri abiria, na moshi wote unaingia ndani kama mwenye nyumba. Mke wangu akaanza kupikia chumbani. Akifungua dirisha, anakula moshi wa basi. Akifunga, anakula moshi wa jiko lake. Alichagua wa jiko, kwa sababu alisema angalau huo anaujua umetoka wapi. Kifua kikamshika, kikamnyonya, na msimu wa baridi uliopita tukamzika.

Sasa pembeni ya mto, upande wa pili, wamejenga nyumba mpya. Habari iliyotangazwa mtaani ni kwamba safu zote zitapimwa hewa, na safu itakayoonekana mbaya kuliko zote itahamishwa kwanza. Nyingine zingoje awamu ya pili. Awamu ya pili mimi naijua. Ni jina lingine la kaburi.

Wala sikuwa naitaka nyumba mpya kwa ajili yangu. Mimi nashona viatu mlangoni, popote ukiniweka na nyundo yangu nitaishi. Niliitaka kwa ajili ya binti yangu. Tangu mdogo tulimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Alikuwa anaongea mpaka usingizini. Siku hizi anakata maneno. Anaanza sentensi, anasimama katikati, anavuta pumzi, anaimalizia kwa kichwa. Na alfajiri namsikia nyuma ya pazia akikohoa ndani ya mto wa kulalia ili nisisikie. Kikohozi kikavu. Nimekisikia kabla. Nililala nacho kitanda kimoja.

Chiriku akatoka nyuma ya pazia, kashavaa sare ya kiwanda cha mikate ingawa zamu yake ilikuwa ya mchana.

"Baba, mwache shangazi apake."

"Wakiona ukuta mweupe watajuaje?"

"Watapima na mashine. Mashine haiangalii ukuta."

"Na wewe? Utawaambia kifua chako?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Mbele ya Bwana Afya? Baba, cheti changu nani anasaini?"

Kiwandani pale hugusi unga bila cheti cha afya, na cheti cha mtaa wetu anakisaini Bwana Afya mwenyewe, huyo huyo aliyekuwa anakuja kupima. Akimsikia anakohoa, kazi hana. Asipomsikia, ataandika kwamba ndani ya nyumba hii hakuna mgonjwa. Mtu mmoja kashika milango yote miwili, na mwanangu yuko katikati.

"Sitakohoa," akasema Chiriku. Akatoa pipi ya mnanaa mfukoni, akaitia mdomoni. "Nimeshajizoeza."

"Safi," akasema dada yangu kutoka juu ya stuli. "Na wewe mzee wa viatu, uvae shati lenye vifungo."

Walipofika, kulikuwa na kimya ambacho sijakisikia tangu kituo kile kijengwe. Askari wa jiji walikuwa wamepita mapema wakayafukuza mabasi yote, wakayapeleka kusimama huko chini sokoni. Wengine walikuwa na gari la maji, wakainyunyizia barabara vumbi lisitimke. Kwa sababu wakubwa wanakuja kupima hewa! Ungecheka, kama hukuwa na mtu ndani anayekohoa.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni ndani," dada yangu akaimba.

Akatangulia Bwana Afya, mnene, mpole, jasho linamtoka puani. Nyuma yake yule mama wa mipango miji ambaye mtaa mzima tulimwita Mama Ramani, mwembamba, viatu vya bei, macho yake hayatui. Alikuwa na kisanduku cheupe kidogo cha kupimia hewa, chenye namba nyekundu, akakiweka juu ya meza, kikaanza kufanya kazi yake kimya kimya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Pole sana kwa mama. Nilikuwa namfahamu," akasema Bwana Afya.

"Najua ulikuwa unamfahamu. Ulikuja mara mbili kumwambia afungue dirisha."

Dada yangu akanikanyaga mguu. Bwana Afya akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyesifiwa. Akazunguka chumba. Akagusa ukuta, akaangalia kidole chake, cheupe. Akaangalia dirisha, wazi, pazia limefuliwa. Akaangalia kona ya jiko. Jiko dada yangu alikuwa amelitoa nje mlangoni, kaliweka nyuma ya boksi langu la viatu. Kwenye kona akaweka ndoo yenye maua. Sijui maua aliyatoa wapi.

"Mnapikia wapi?"

"Nje," akajibu dada yangu haraka.

"Unaona?" Bwana Afya akamgeukia mwenzake, na uso wake ukang'aa. "Ndicho ninachokisema kila kikao. Dirisha wazi, jiko nje, ukuta safi. Barabara ni ile ile, kituo ni kile kile. Soma hapo."

Mama Ramani akainama kwenye kisanduku. Midomo yake ikakaza. "Namba iko chini," akasema.

"Iko chini! Nyumba inayokaribiana na barabara kuliko zote, na iko chini. Afya inaanzia kwa mtu, mama, kwa tabia yake. Ukimhamisha mtu na jiko lake la mkaa, unahamisha ugonjwa tu ukaufanyie sherehe upande wa pili."

"Tabia inatokana na mahali," akasema yule mama. "Hakuna anayependa kupikia chumbani. Mmevunjiwa jiko, mtapikia wapi?"

"Kavunja nani?" nikauliza.

Akanitazama. "Ofisi yetu," akasema. "Kabla sijaajiriwa."

"Hongera kwa kuchelewa."

"Mzee," akasema Bwana Afya akicheka, akitaka kuyapoza, "hii nyumba yako nataka kuifanya nyumba ya mfano. Nitaleta watu waje waione. Waone kwamba mtu anaweza kuishi salama hapa hapa."

Nyumba ya mfano. Nyumba iliyotoa maiti. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Ila macho yangu hayakuwa kwake. Yalikuwa kwa Chiriku, kasimama karibu na pazia, mikono nyuma, anatabasamu kama anapigwa picha. Nikaona shingo yake. Ule mshipa wa pembeni umesimama kama kamba. Macho yamejaa maji. Alikuwa anakizuia. Kila mtu mle ndani alikuwa anavuta hewa isipokuwa yeye.

"Chiriku," nikasema, "nenda dukani ulete sukari. Wageni hawajanywa chai."

"Hatukai sana," akasema Mama Ramani.

"Mtakunywa chai."

Chiriku akatoka karibu anakimbia. Nikamsikia akipita dirishani, halafu kule mbali, mwisho wa safu, nikamsikia akikiachia. Kikohozi kirefu, kinachokwaruza. Niliangalia wageni. Walikuwa wanabishana kuhusu upana wa madirisha. Hawakusikia.

Nikatoka mlangoni, nikachukua jiko, nikatia mkaa na vipande vya ngozi vya kuwashia, nikawasha. Dada yangu akaja mbio.

"Una wazimu? Wewe! Nimekesha napika maneno ya kukupamba, unaingiza jiko?"

"Nipishe, dada."

"Mdogo wangu, usituaibishe."

"Aibu ilishaingia siku nyingi, ilikuja na tingatinga."

Nikaliingiza jiko ndani likitoa moshi, nikaliweka kwenye kona yake, nikaisogeza ile ndoo ya maua kwa mguu. Nikaweka sufuria ya maji. Halafu nikafunga dirisha, nikaweka komeo. Halafu nikachukua stuli yenye madoa ya chokaa, nikaiweka mlangoni, nikakaa.

Chumba kikawa kidogo ghafla.

"Mzee," akasema Bwana Afya taratibu, "unatufungia?"

"Mlango hauna kufuli. Nimekaa tu. Si kwangu hapa?"

"Ni kwako."

"Basi kaeni. Mke wangu aliwakaribisha hivi hivi, mkaishia mlangoni mkasema mna haraka. Leo mnywe chai yake."

Moshi ulianza kutambaa chini ya mabati. Ngozi ikiungua inanuka vibaya, nakubali. Macho yao yakaanza kuwasha. Mama Ramani akatoa leso. Nilimwona anaangalia kisanduku, na nikaona namba nyekundu zinapanda, zinapanda, kama zinakimbizwa.

"Fungua dirisha," akasema Bwana Afya.

"Hicho ndicho ulichomwambia."

"Mzee, fungua dirisha, hewa ya mkaa inaua bila kubisha hodi. Sisemi kwa ubishi. Tuko watu wanne humu."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya kikao. Dada yangu alikuwa ameshika ukuta wake mbichi, chokaa imemjaa kiganjani, anasema jina la marehemu mama yetu. Nikainuka. Nikatoa komeo, nikafungua dirisha mpaka mwisho.

Ziara yao ilikuwa imezidi muda, nadhani, au askari walikuwa wamechoka kulinda barabara tupu. Maana ile nafungua tu, basi la kwanza likarudi. Likaja likasimama pale pale linaposimama siku zote, mkia wake kwenye dirisha letu, likaguna, likatoa wingu jeusi. Likaingia lote. La pili likasimama nyuma yake. Kondakta akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, akaita abiria, akaniona dirishani.

"Mzee, leo kwako kuna kikao? Mbona mnafuka kama tanuri?"

Niliwageukia wale wawili.

"Haya. Someni sasa."

Mama Ramani akasoma. Hakusema namba. Akamgeuzia mwenzake kisanduku, akasema, "Dirisha liko wazi. Haishuki. Niliwaambia ni kituo."

"Haishuki kwa sababu jiko bado linawaka," akasema Bwana Afya, anakohoa. "Usichukue moshi wa jiko ukausomea barabara."

"Na wewe usichukue barabara ukamtupia marehemu."

"Nani kamtupia marehemu?"

"Uliandika chanzo cha ugonjwa ni mazoea ya upishi. Ripoti yako niliisoma."

Nilisikia masikio yangu yakipiga mluzi. Mazoea ya upishi. Mwanamke aliyenipikia maisha yake yote, akanilelea mtoto, akafa kaketi kwa sababu akilala hapumui, wameandika kafa kwa mazoea ya upishi. Nikapiga meza. Kisanduku kikaruka.

"Mnamgawana mke wangu kama mirathi! Huyu anataka nusu ya jiko, huyu anataka nusu ya barabara. Aliyekufa ni mmoja! Nyie ofisi zenu zimetenganishwa na ukuta, na mnataka na sisi tufe kwa mafungu?"

Bwana Afya akafuta macho. "Mzee, unataka nikubali kwamba wewe una haki, au unataka nisaidie waliobaki? Maana yote mawili kwa mkupuo siyawezi."

Jibu la swali lile? Nililitafuta. Bado nalitafuta.

Na hapo ndipo Chiriku akaingia na sukari.

Hakujua. Aliingia na pumzi ya kukimbia, mdomo wazi, akalivuta lile wingu lote, la jiko na la basi na la ngozi iliyoungua, mpaka chini kabisa. Nilimwona akijaribu kufunga mdomo. Aliweka kiganja, akaweka na cha pili. Mabega yakapanda. Halafu kikatoka. Kilimkunja katikati, sukari ikaanguka ikamwagika sakafuni, akashika ukingo wa meza, akakohoa, akakohoa, hakipati mwisho, na kila kimoja kinavuta kingine. Dada yangu alimkumbatia kwa nyuma. Mimi nililibeba jiko kwa mikono, mikono mitupu, nikalitupa nje na maji yake.

Kikohozi kiliposhuka, dada yangu alikuwa bado amemshika. Basi lilikuwa linanguruma.

"Kapaliwa," dada yangu akasema. "Ni moshi tu, Bwana Afya."

"Nimepaliwa," akasema Chiriku.

Bwana Afya alikuwa anamwangalia bila kupepesa. "Tangu lini?"

"Sasa hivi."

"Binti yangu. Tangu lini?"

Chiriku akaangalia sukari chini. Pipi ya mnanaa ilikuwa imemtoka mdomoni, iko hapo hapo kwenye sukari. "Tangu mama," akasema.

"Unafanya kazi ya unga?"

Aliiona sare. Alikuwa anauliza tu, ili ajibiwe.

"Usiende kazini, leo wala kesho," akasema. "Uende hospitali, wakupige picha ya kifua, wapime makohozi. Mpaka majibu yatoke, cheti siwezi kusaini. Hicho kikohozi siwezi kusema sikukisikia."

"Mpe nyumba!" nikasema. Nilikuwa napiga kelele, nadhani. "Umeshaona! Umeshapima! Mwachie kazi yake, na mpe nyumba!"

"Nyumba sitoi mimi, mzee. Anatoa mwenzangu."

"Mimi sitoi," akasema Mama Ramani, na kwa mara ya kwanza macho yake yalitua, yakatua kwangu. "Naandika pendekezo. Wanalikalia kikao."

"Lini?"

"Wakikaa."

Chiriku alikuwa hawaangalii wao. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Baba, uliwasha jiko makusudi."

"Nilikutoa nje kwanza. Dukani kuna foleni siku zote, nikajua—"

"Leo hapakuwa na foleni." Akavuta pumzi katikati, akaimalizia. "Ungeniuliza, Baba. Kifua changu. Kazi yangu. Ungeniuliza."

Ningesema nini? Kwamba ni wao? Ni wao! Wao ndio waliovunja jiko, wao ndio walioweka kituo, wao ndio wenye cheti na wao ndio wenye nyumba. Lakini aliyewasha mkaa ule hakuwa ofisini, na mwanangu alikuwa anamwangalia huyo.

"Kitu kimoja," akasema Bwana Afya, anajifuta shingo. "Huyu asilale humu tena. Hata leo. Hilo halihitaji kikao. Hakuna ndugu mwenye chumba mbali na barabara?"

"Kwangu nafasi ya godoro ipo," akasema dada yangu. "Nilishasema siku nyingi. Huyu hapa akasema mwanawe si mtu wa kuhifadhiwa, ni mtu wa kupewa haki yake."

Ni kweli nilisema hivyo. Na bado nasema ni haki yake.

Chiriku aliingia nyuma ya pazia, akakunja nguo zake, akafunga godoro kwa kanga. Nilitaka kushika upande mmoja.

"Acha, Baba. Nitabeba na shangazi."

Basi nikachukua ndoo yake na beseni, nikafuata nyuma. Viganja vilikuwa vinaniwaka kwa lile jiko, sikusema. Nje, wale wawili walikuwa wamesimama kando ya gari lao, bado wanabishana, huyu anaonyesha basi, huyu anaonyesha majivu yangu yaliyomwagika mlangoni. Mama Ramani akaniona, akanikimbilia kidogo.

"Mzee, samahani. Mashine tumeiacha mezani. Tunaomba ikae humo ndani mpaka kesho kutwa. Wewe ishi tu kama kawaida."

"Kama kawaida?"

"Ndiyo. Usibadilishe chochote."

Nikamwonyesha kwa kidevu. Dada yangu alikuwa ameshalitwika godoro kichwani, na Chiriku anatembea ubavuni mwake, ameshika kona iliyoning'inia.

"Kawaida yangu ndiyo ile inaondoka," nikasema, nikampita.

Njia ya kwa dada yangu inapanda. Katikati ya mwinuko Chiriku alisimama, akaweka mikono kiunoni, akainamisha kichwa. Dada yangu akasimama na godoro lake. Mimi nikasimama chini yao na ndoo. Nilikuwa naogopa hata kumsogelea. Hapo juu mngurumo wa mabasi ulikuwa umepungua, na nilimsikia akivuta, akitoa, akivuta. Kisha akanyoosha mgongo, akaanza tena kupanda.